Shangazi, kaka anataka nipange Chanika na kazi yangu iko Kariakoo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Mafinga, Iringa. Nimepata kazi ya kutunza hesabu kwenye duka la jumla la vitenge pale Kariakoo, Dar es Salaam. Naanza tarehe 1 Februari, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Dar nimefika mara mbili tu tangu nizaliwe, na zote ni kwa ajili ya misiba, kwa hiyo jiji lenyewe nimeliona kupitia dirisha la basi.

Akiba yangu yote ni shilingi 1,300,000. Nimepiga hesabu nikaona kodi isizidi 150,000 kwa mwezi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na Januari anaingia darasa la kwanza. Baba yake hatuko naye.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kaka yangu mkubwa amejenga Chanika, pembezoni mwa Dar. Aliposikia nimepata kazi, siku ileile akanitafutia nyumba kwa jirani yake, vyumba viwili na sebule kwa 80,000, na akasema wifi atamwangalia mtoto nikiwa kazini. Shangazi, baba alipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili, na kaka ndiye aliyenilipia ada hadi nikamaliza chuo. Nikimkatalia nitaonekana nimepata kazi jana na leo nimeota mapembe.

Lakini dada mmoja ninayekwenda kufanya naye kazi nilipomtajia Chanika kwenye simu alicheka, akasema, "Basi utakuwa unaishi kwenye daladala." Yeye anakaa Sinza na ananishauri nipange hukohuko. Amenipa namba ya dalali wake. Huyo dalali amenitumia picha za chumba masta, kina marumaru chini na geti nje, kodi 150,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Tena ananiambia nitume laki moja leo ya kushikia chumba, maana kuna mtu mwingine anakitaka.

Mama yangu yuko tayari kubaki na mtoto hapa Mafinga nikatangulie kwanza, ila sitaki akae mbali nami muda mrefu.

Nipange wapi, shangazi? Na kaka nimwambie nini?

Mama wa Mmoja, Mafinga

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kazi.

Kabla ya yote, hiyo laki moja usiitume. Hata kama dalali ni mtu mwema na chumba kipo kweli, usitume. Picha ya chumba anaweza kuwa nayo mtu yeyote, na chumba kimoja kinaweza kuoneshwa kwa watu kumi, kila mmoja akaambiwa kuna mwenzake anakitaka. Nimepokea barua nyingi za watu walioshuka stendi ya mabasi ya Mbezi Luis na begi mkononi, wakapiga namba ya dalali ikawa haipatikani. Chumba usichokikanyaga kwa miguu yako usikilipie hata mia.

Sasa tuje kwenye swali lako. Watu wakiniuliza mtaa gani wa Dar ni mzuri kupanga, huwa sijibu mpaka niambiwe mambo mawili: kazi iko wapi, na mtu anatoka saa ngapi. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na asubuhi ni kama wengi wetu tunaelekea upande mmoja, Posta na Kariakoo, kisha jioni tunarudi pamoja. Ndiyo maana nyumba ya 80,000 inaweza kukugharimu kuliko ya 150,000.

Nikuoneshe jioni yako ya Chanika ilivyo. Unafunga hesabu saa kumi na mbili, mpaka unatoka dukani na kupenya katikati ya mikokoteni na wamachinga ni saa kumi na mbili na nusu. Unafika kituoni, gari linaingia na siti zote zina watu. Unashangaa wamepandia wapi. Wamegeuza nalo. Yaani walilidaka mbele huko likiwa linakuja mjini, wakakaa, wakalipa nauli ya kuja na watalipa na ya kurudi, ili tu wapate pa kukaa. Wewe mgeni utasimama, au utajifunza kugeuza na nauli yako iwe mara mbili. Halafu safari inaanza: Barabara ya Nyerere, ambayo wengi bado tunaiita Pugu Road, TAZARA, Uwanja wa Ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA lilipofunguliwa 2018 lilitupa nafuu, lakini foleni haikwisha, ilisogea. Na ukifika Gongo la Mboto usidhani umefika. Kuna Pugu mbele, ndipo uitafute Chanika.

Asubuhi ni hivyohivyo kwa upande wa pili. Ili uwe dukani saa mbili bila wasiwasi, utatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri au kabla. Mwanao utamwacha amelala na utamkuta amelala, siku sita kwa wiki. Wifi yako ana moyo mzuri, na nakuomba umshukuru kwa dhati. Ila kwa ratiba hiyo hatakuwa anakuangalizia mtoto, atakuwa anakulelea. Umeniandikia kwamba hutaki mtoto akae mbali nawe, nami nimelishika neno hilo kuliko mengine yote kwenye barua yako.

Chanika yenyewe haina kosa. Kuna hewa, kuna viwanja, na kaka yako alifanya jambo la maana kujenga huko. Mwenye nyumba yake anavumilia umbali kwa sababu anajua anarudi kwake. Mpangaji anavumilia kwa faida ya nani?

Na Sinza? Ni pazuri, pamechangamka, usafiri upo mpaka usiku. Lakini kwa bajeti yako Sinza utapata chumba kimoja cha geti, na humo ndani mtakuwa wewe na mtoto peke yenu. Dada yule anakushauri kwa maisha yake, naye hajakwambia kama ana mtoto wa miaka sita anayerudi shule saa nane mchana. Huo ndio muda unaopaswa kukutia hofu: kuanzia saa nane hadi wewe ufike. Picha ya dalali ina marumaru, ina geti, ila haina mtu wa kumfungulia mlango mwanao.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningetafuta karibu na Kariakoo, upande uleule wa barabara ya kwenda kwa kaka. Anza na Ilala, kisha Buguruni, kisha Tabata. Buguruni na Kariakoo zinaunganishwa na Barabara ya Uhuru, ni mwendo mfupi, na siku magari yakigoma unaweza kutembea ukafika. Tena Buguruni ni njia panda: hapo hapo unapata magari ya upande wa Gongo la Mboto, Jumapili unapanda unakwenda kwa kaka yako. Tabata pametulia zaidi, lakini usiingie ndani sana kuelekea Segerea na Kinyerezi, kwa sababu umbali utaanza kukurudia.

Ukikosa huko, zipo Magomeni, na Kimara ukipenda kufuata mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yao, yaliyoanza 2016 kwenye Barabara ya Morogoro na yenye kituo Gerezani, kando ya Kariakoo. Njia yao imejengwa pia Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Usisikilize sifa wala lawama za mtu. Panda mwenyewe saa moja asubuhi na saa moja usiku, siku ya kazi, ndipo uamue. Kimara ina vilima, chumba kikiwa bondeni mbali na barabara utaongeza nauli ya bodaboda kila siku. Kigamboni sitakushauri kwa sasa, maana kuvuka kwa kivuko au kuzunguka darajani na mtoto wa shule ni mzigo mwingine.

Nina ushauri ambao wasichana wengi hawaupendi. Usitafute chumba cha peke yake chenye geti refu. Tafuta nyumba ya wapangaji kadhaa yenye ua, ambamo mchana kuna mama anayepika maandazi, kuna bibi wa mwenye nyumba amekaa kibarazani, kuna watoto wenzake. Choo mtachangia, ndiyo, na zamu ya kufagia itakuhusu. Lakini mwanao akirudi na goti limechubuka, kuna mtu mzima atakayemuona. Kaa na mama mmojawapo hapo mkubaliane malipo ya kila mwezi ya kumpokea na kumpa chakula cha mchana. Mkubaliane kwa fedha kamili, usimwachie kwa hisani, hisani huchoka. Ila kabla hujamkabidhi mtoto, mjue: nenda saa tisa alasiri, siku mbili tofauti, bila taarifa, ukae nao uani. Angalia nani anaingia na kutoka. Na shule uitafute kabla ya chumba, iwe ya kutembea kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Chumba kitafuata shule.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu maji, kwa sababu wewe utatafuta chumba Januari.

Nilipokuja Dar kutoka Tanga, nilipanga chumba Kigogo mwezi wa nane, kiangazi. Kilikuwa kizuri kwa bei yake. Kuta zimepakwa rangi ya bluu kutoka chini mpaka kiunoni, ile ya mafuta, inang'aa, juu nyeupe. Nikaona soketi ya umeme iko juu, usawa wa bega langu, nikafikiri fundi alipenda tu. Jirani yangu alikuwa ameinua kitanda chake kwa matofali, mawili mawili kila mguu, nikafikiri anataka kuweka masanduku chini. Ilipofika masika, usiku mmoja nikashusha mguu kutoka kitandani nikakanyaga maji. Yalikuwa yamenyamaza kabisa, yameshaingia chini ya mlango, ndoo inaelea. Vyeti vyangu vilikuwa kwenye sanduku la bati sakafuni. Asubuhi jirani alinisaidia kuvianika kimoja kimoja kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, akaniuliza kwa upole, "Hukuziona soketi?"

Nilikuwa nimeziona. Sikujua kuzisoma.

Dar ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari jua kali, kila nyumba ni kavu, kila mwenye nyumba anasema kwake hapafiki maji. Mto Msimbazi na vijito vyake vinapita katikati ya hayo maeneo niliyokutajia, na mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya serikali iwahamishie watu wa mabondeni Mabwepande. Buguruni na Tabata zina sehemu za juu zisizojua maji kabisa, na zina sehemu za bondeni ambazo kila mwaka watu wanalala juu ya meza. Kwa hiyo ukiingia chumbani angalia soketi. Angalia vitanda vya majirani. Angalia kama mlangoni kuna kizingiti cha saruji kirefu kisicho na sababu. Kisha toka nje, nenda kwa muuza genge, nunua nyanya zako, umuulize masika ya mwaka jana ilikuwaje. Mwenye nyumba ana chumba cha kupangisha, muuza genge hana.

Maji ya bombani nayo yana habari yake. Sehemu kubwa ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, inatoka Mto Ruvu, na mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua tuliwekewa mgawo jiji zima. Nyumba isiyo na tangi wala kisima ilitesa watu. Uliza yanatoka siku gani na bili mnagawanaje. Kama ni kisima, nawa mikono kwa sabuni hapo hapo bombani: isipotoa povu, hayo ni maji ya chumvi, utaogea lakini ya kunywa na kupikia utanunua kwa madumu, na hiyo ni kodi nyingine ya kila siku. Umeme, uliza kama LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, ni yako au ya kuchangia. Ya kuchangia inagombanisha watu, hasa mmoja akiwa na friji. Na kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na hiyo ni kodi ya mwenye jengo, ulizeni mapema atakurudishia vipi, msije kununiana.

Tupige hesabu ya fedha zako. Miezi sita kwa 150,000 ni 900,000. Weka na ya dalali 150,000, inafika 1,050,000. Unabaki na 250,000 ya godoro, jiko, sare za shule, nauli na chakula mpaka mshahara wa kwanza. Haitoshi, mwanangu, na chumba kikiwa kibaya umefungwa miezi sita. Omba miezi mitatu. Watakaokataa ni wengi, usibishane nao, nenda kwa mwingine. Mwenye nyumba mzee anayeishi humohumo mara nyingi anakubali, kwa sababu anamtazama mtu kwanza. Kwa miezi mitatu, hata kwa 150,000, utatoa 450,000 na ya dalali 150,000, utabaki na 700,000. Hapo unapumua. Na dalali mwambie mapema kwamba ya usumbufu wa kukuzungusha utailipa kwa siku, mkubaliane kiasi, na ya mwezi atapata siku ya mkataba, si kabla.

Siku ya kulipa, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, wewe na mwenye nyumba. Mtu anayejiita mwenye nyumba akiikwepa ofisi ya mtaa, ondoka. Pale wanamjua, na utajua kama ni yeye kweli au ni mpangaji anayehama anakuuzia chumba kisicho chake. Mkataba uandikwe, usainiwe, fedha uzitume kwa simu au benki kwa jina lililo kwenye mkataba. Hata akiwa mtu wa dini yako, hata akiwa Mhehe mwenzako.

Basi mpango wako uwe hivi. Mtoto aanze darasa la kwanza hapo Mafinga kwa bibi yake, uhamisho utauomba kwa mwalimu mkuu ukishapata chumba na shule. Wewe njoo wiki mbili kabla ya kazi kuanza, ufikie Chanika kwa kaka. Ndiyo, Chanika. Kila siku ya kazi toka alfajiri kama mfanyakazi, fika Kariakoo, tafuta chumba mchana, rudi kwa kaka jioni kwa gari la watu wote. Usimlalamikie. Mwache akuone unavyoingia saa tatu usiku, viatu mkononi, unaulizia kama kuna chakula. Kaka aliyekulipia ada kutoka kidato cha pili hatahitaji hotuba. Naamini kabla wiki ya kwanza haijaisha atasema mwenyewe kwamba hii safari ni ndefu kwako.

Asiposema, mwambie wewe, usiku watu wakishakula, mbele ya wifi: "Kaka, nyumba uliyonitafutia nimeiona na nimeipenda. Nashindwa muda. Nataka nipange Ilala au Buguruni niwe namuona mtoto jioni, na kila Jumapili tuwe tunakuja kwako. Naomba unisaidie kukichagua hicho chumba." Hapo hujamkatalia, umempa kazi. Nenda naye kukagua. Amejenga nyumba kwa mkono wake, anajua ukuta uliokunywa maji ulivyo kuliko mimi na wewe. Mwache apigepige kuta, aukague mlango, aseme kitasa hiki hakifai kwa mwanamke anayekaa na mtoto. Akitaka kununua komeo jingine kwa fedha yake, usimzuie.

Shangazi